Saa Nne ya Ruta

Watu walimwita Mzee Chumvi. Hakuwahi kuuza chumvi, ila hakuna habari iliyopita mdomoni mwake ikatoka na ladha ile iliyoingia nayo. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji kwa miaka thelathini na moja. Tangu astaafu alipenda kusimulia jinsi alivyotengeneza redio ya meneja kwa uma wa mezani, redio ikanasa stesheni ya nchi ya mbali inakoanguka theluji, hata ofisi nzima ikaingia baridi na wapiga chapa wakaomba ruhusa ya kwenda kuchukua masweta. Mkewe alikuwa ameisikia hiyo mara mia, na mara zote mia alimwambia, “Haya, mzee, tumesikia, sasa kula.”

Lakini sasa mkewe hakuwapo. Mwezi wa tatu huu alikuwa amelazwa hospitali ya kifua, mwendo wa siku nzima kwa basi, katika wodi isiyoruhusu wageni. Dawa zake ni za miezi sita, vidonge vya kujaza kiganja, vya kuvuruga tumbo na kutia kizunguzungu. Daktari alisema bila kuzungukazunguka: akiacha katikati, ugonjwa utakuwa sugu, na huo ukishakuwa sugu si wote wanaopona.

Bibi hakuwa mtu wa vidonge. Kilichomshikilia ni simu. Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, nesi aliwapanga wagonjwa mbele ya simu ya ukutani, dakika kumi kila mmoja. Simu yenyewe ilikuwa ya kupiga tu, haipokei. Ya mkononi bibi aliikataa zamani, na hata angekuwa nayo, nyumba yao ilikuwa bondeni, mtandao haushiki mpaka upande hadi kwenye tangi la maji kilimani. Namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja, ya nyumbani. Basi katika dakika kumi hizo Chumvi alimpa habari za majirani, zimekolea. Siku aliyocheka, nesi alisema, alimeza dawa bila kusukumwa.

Ndipo kampuni ya simu ikaleta barua kwamba nyaya za zamani zinang'olewa, na simu za majumbani zitapita kwenye intaneti.

Aliyekuja kufunga alikuwa fundi wa kike, mtu wa makamo, bisibisi zimening'inia kiunoni kama funguo za mlinzi wa gereza. Akabandika kisanduku cheusi ukutani, akakiita ruta, akachomeka waya wa intaneti nyuma yake, kisha simu ile ile ya zamani akaichomeka kwenye tundu lililochorwa mkono wa simu. Taa ya kijani ikawaka. Namba haikubadilika. Akaonya kwamba umeme ukikatika na simu inakufa, na ile soketi ya zamani ukutani haina kazi tena. Alipotaka kumwonyesha ukurasa wa mipangilio kwenye laptopu, Chumvi akamkatiza. Akamwambia nenda zako, mwanangu, mimi nimetengeneza redio kwa uma.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa mlevi mmoja aliyekuwa akikosea namba usiku, akitaka gari lake livutwe kutoka mtaroni. Chumvi akafungua laptopu, akaweka nenosiri lililoandikwa chini ya kisanduku, akaupata ukurasa. Palikuwa na sehemu imeandikwa muda wa kimya, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Akajisemea kwamba yeye hulala saa nne na kuamka saa kumi na moja. Akaandika 4, akaandika 11, akabonyeza hifadhi, akajipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Usiku ule mlevi akapiga tena. Chumvi akaona kumbe hata kazi hiyo ndogo kisanduku hakiiwezi, akamweleza mlevi njia ya kwenda gereji, na ukurasa ule akausahau.

Jumanne ikafika. Chumvi alikaa karibu na simu tangu saa tatu. Saa nne ikapita kimya, saa tano ikapita kimya. Akasema foleni ilikuwa ndefu. Ijumaa tena kimya. Mchana akapiga mapokezi ya hospitali, na simu ikatoka vizuri kabisa. Mpokeaji alikwenda kuuliza wodini, akarudi na jibu kwamba bibi amepiga siku zote mbili, na dakika zote kumi alikuta namba inatumika.

Chumvi alisema haiwezekani, simu ilikuwa imelala mahali pake na yeye akiitazama kama paka anavyotazama tundu la panya. Akaomba aambiwe mkewe kwamba simu ni nzima, haina tatizo lolote.

Jumamosi alasiri fundi akaja. Akapanda kilimani na gari lake, akapiga kwa simu yake ya mkononi, ya nyumbani ikalia. Alishuka, akabadilisha waya wa simu, akahamisha simu tundu la pili, akazima ruta, akahesabu mpaka thelathini, akawasha. Akapanda tena, akapiga, ikalia. Akaandika kwenye fomu kwamba iko sawa.

Jumanne ya pili, kimya. Jumatano alasiri fundi akaja tena na ruta mpya mkononi. Kabla hajafungua hata boksi akapima, na simu ikalia kwa nguvu mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Akamtazama mzee kwa namna ambayo Chumvi aliifahamu vizuri. Ndivyo watu walivyomtazama kila akifika kwenye theluji.

“Baba,” akasema, “una hakika inakataa?”

“Walevi wanapita, mke wangu hapiti.”

Fundi akafikiri ni mzaha. Akacheka, akaondoka na ruta yake mpya.

Jioni ile mpokeaji wa hospitali ndiye aliyepiga. Akasema ujumbe wa mzee ulifikishwa kama alivyousema, na bibi akauliza: kama simu ni nzima, mume wangu anaongea na nani kila saa nne? Tangu jana asubuhi hajameza kidonge. Amefungasha nguo zake kwenye mfuko, anasema Jumamosi anatoka kwa lango kuu, akafie mahali pasipo na foleni. Ijumaa nesi atambembeleza apige mara moja ya mwisho.

Chumvi aliketi pale, na mtu aliyekuwa na hadithi ya kila kitu hakuwa na hata moja ya kumwambia mpokeaji. Baadaye alijaribu kuitunga moja: fuko amechimba chini ya ua, akala waya. Ilikuwa nzuri, fuko akanona vizuri, akapata hata meno ya dhahabu. Akaiweka tayari kwa ajili ya Ijumaa, kama Ijumaa ingekuwapo.

Alhamisi akampigia fundi na kumwomba kitu kimoja tu, aje asubuhi.

Ijumaa saa tatu na nusu fundi alikuwa juu kilimani. Mzee alikuwa sebuleni, macho kwenye simu. Haikulia. Akasikia gari likishuka kwa kasi, mlango ukibamizwa, fundi akaingia bila hodi.

“Nimepiga, ikaniambia unaongea na mtu,” akasema. “Baba, samahani. Nilidhani unanitania.”

Akaketi kwenye laptopu, akafungua ukurasa ule, akapita hapa na pale kwa kidole. Akageuza kioo kumwelekea mzee.

“Hii saa nne ni ya nani?”

“Yangu. Ndiyo saa ninayolala.”

“Ruta haijui saa zetu. Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane. Nne yake ni saa kumi alfajiri yetu, na kumi na moja yake ni saa tano asubuhi. Muda wote huo umeiambia isiingize simu ya mtu, na anayepiga anaambiwa namba inatumika. Alasiri nikija, kimya kimekwisha. Usiku mlevi akipiga, kimya hakijaanza.”

Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba. Fundi akafuta namba zote mbili, akahifadhi, akasimama na bisibisi zake bila kujua pa kuweka mikono. Chumvi akavuta kiti chake karibu na simu.

Saa nne kamili simu ikalia.

Alikuwa nesi. Akasema bibi yuko hapa ila hataki kushika, atamwekea sikioni. Kisha pakasikika pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo. Chumvi aliijua pumzi ile kwa miaka arobaini.

“Nani huyo uliyekuwa unaongea naye?” sauti ikauliza.

Fuko alikuwa pale pale mdomoni, na meno yake ya dhahabu.

“Hakuna mtu,” akasema Chumvi. “Nilibonyeza mahali. Nikaandika saa nne ya usiku, kisanduku kikaelewa alfajiri. Fundi alitaka kunionyesha, nikamfukuza.”

“Na nini tena?”

“Basi. Hakuna tena.”



“Uongo wako siku zote una mkia,” akasema mkewe. “Huu hauna hata masikio.” Akakohoa, akakohoa tena, nesi akasikika akimwambia akae. “Siku nne sijameza, mzee. Wanasema huenda tukaanza upya.”

“Tutaanza.”

“Ni mimi nitakayeanza. Wewe utakuwa umekaa.”

Akamwuliza kama mfuko wa nguo umefunguliwa. Bado, akasema mkewe, upo chini ya kitanda. Akasikia kikombe kikigonga chuma, maji yakimiminwa, nesi akihesabu vidonge kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu. Chumvi akaushikilia mkono wa simu kwa mikono yote miwili, akahesabu pamoja naye.