Maziwa ya Bishara

Weris aliijua sauti ile kabla hajayasikia maneno. Alikuwa katika chumba cha nyuma cha gesti ya Bishara, mjini Garissa, kile ambacho wanawake wasio na pa kwenda hulala bure kwenye mikeka, huku wachuuzi wa mbuzi kutoka Tarbaj wakilipia vitanda vya mbele. Dagane, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amefika kumchukua Kaha, bintiye, kwani alishaapa kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba.

Alimvuta binti yake kifuani. Kwenye upenyo wa pazia akamwona Bishara akimpa mgeni kikombe cha maziwa ya ngamia, na Dagane, vumbi la safari mpaka kwenye kope, akayanywa yote. Ndipo akauliza kama pana mwanamke mwenye mtoto wa kike.

Bishara alikuwa bado anautafuta uongo wa kumpa pale Kaha alipochomoka. Mtoto hana adui. "Adeer!" akaita, akamrukia ami yake shingoni.

Dagane akambeba, akaelekea langoni. Bishara, mfupi yule, mguu mmoja mbovu, akamzibia njia.

"Huyu ni magan wangu, yuko chini ya ulinzi wangu, amekimbilia mlango wangu. Na wewe umekunywa maziwa yangu. Mgeni wangu hamgusi mgeni wangu."

Wachuuzi waliacha chai zao wakatazama. Habari ingefika kwao Tarbaj, na aibu nayo, kabla ya Dagane mwenyewe. Akamteremsha mtoto taratibu. Weris akatoka mbio, akamkumbatia Kaha, akalia mbele ya wanaume bila aibu.

Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama. Dagane akaketi, akavua viatu.

"Kweli, eddo," akamwita kwa heshima kama shangazi, "mimi ni mgeni wako. Basi nipe chumba. Nitakaa mpaka Weris aondoke."

Sheria aliyoitumia Bishara sasa ilimfunga yeye mwenyewe. Watu wa pwani husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwa wafugaji, jembe la nini? Akampa ufunguo wa chumba kilichobaki, kinachopakana na cha wanawake.

Magharibi ilipoingia, Weris alimsikia Dagane nyuma ya ukuta wa mabati, akikohoa vile vile alivyokuwa akikohoa marehemu. Aliogopa hata kupumua.

"Hooyo," Kaha akamnong'oneza mama yake kwa furaha, "adeer atakaa na sisi?"