Oili ya Safari ya Mikumi

...hapana, hii siyo oili chafu, haiwezi kuwa, yule kijana wa kwenye video alisema itatoka nyeusi tii, nene, inanuka, na hii inayomwagika kwenye beseni langu la kufulia ni ya manjano, safi, naona mpaka maua yaliyochorwa chini ya beseni, Mungu wangu, nimefungua nini, nimemwaga oili ya gia, nimeua gari, na kesho naripoti Mikumi, nitakwenda na nini mimi niliyejigamba kwamba sihitaji mkono wa mtu, eti gari ni langu na mikono ninayo, kwani mume wangu Danieli alizaliwa na spana... tulia Debora, wewe ni nesi, umeona damu za kila namna hukutetemeka, itakuwa hii? tazama vizuri, gia ile pale upande wa pili, hii ndiyo sampu, bakuli la oili ya injini, nati yake ndiyo hii mkononi, bado ya moto, sijakosea, sasa mbona oili ni mpya, nani kaiweka...

"Mama Evance! Mwenzio anauliza, hiyo spana imekutosha?" huyo mama mkwe, yuko barazani anabangua mbaazi, ameshuka kutoka Mamboya kuja kutusuluhisha na sasa kazi yake ni kubeba maneno tu, kwa sababu mimi na mwanawe hatusemeshani tangu nilipomwambia nimeomba uhamisho na nimepata, tunakula meza moja na kila neno linapita kwa mama, mama mwambie mwanao chai ipo, mama mwulize mkweo funguo kaweka wapi, na yeye yuko hapo hapo, anasikia! "Mwambie imenitosha, mama," imenitosha nini, hata sauti yangu siijui, na huu utepe mweupe kwenye nati ni wa nini... utepe... ah! Ah, jamani. Nani mwingine Kilosa nzima anavalisha nati ya gari utepe wa mabomba, fundi bomba huyu, chochote cha kukaza lazima akizungushie utepe, mafundi wa gereji wanamcheka, bwana hiyo siyo koki ya maji, wala hasikii, na huu ni mweupe kabisa, hata vumbi haujashika, ameufunga juzi juzi tu, basi ilikuwa nikiwa zamu, gari liko hapa uani, akalala hapa nilipolala mimi, mgongo wake ule unaomsumbua, akamwaga, akajaza, akakaza, akanawa mikono, akaingia ndani akanyamaza, na niliporudi akamwambia mama aniambie uji umepoa. Uji umepoa! Na mimi mjinga hata stiki ya kupimia oili sikuvuta nikatazama, hasira tu, jeki, mawe kwenye matairi, nimwonyeshe, na kumbe namwaga kazi yake kwenye beseni...

Na nilivyomsema, nimemsema kwa dada zangu wote wa Kimamba, anaomba niharibikiwe porini yule, anaomba nilale njiani, pale kijijini Ulaya, na gari bovu ndipo nirudi na adabu, kwa sababu alisema, alisema mbele ya mama, ukienda umekwenda, nami nikajua ni kitisho, nikapanga majibu usiku kucha, kesho atasimama mbele ya gari, atashika mlango, atamtanguliza mwanetu Evance alie, nami nitasema hili na hili, na nitaondoka nimenyoosha shingo... kumbe hasimami mbele ya gari. Kumbe ameliandaa. Ananiandalia gari kama mtu anayemsindikiza mgeni, mgeni wa kwenda zake, mume anayetaka ubaki hakubadilishii oili, Yesu wangu, hakikuwa kitisho, amekubali, amekubali kimya kimya, ukienda umekwenda, na uende salama, nilijiandaa kuzuiwa mimi, kuruhusiwa sikujiandaa hata kidogo, kwani nilitaka kwenda? nilitaka, ninataka, pale Mikumi nitakuwa mkuu wa wodi, lakini nilitaka niende nikiwa nashikwa mkono, nizuie basi Danieli, mara moja tu, njoo upige kelele hapa, niite kwa jina langu, hata unitukane...

"Mama Evance, unanisikia? Anauliza, kesho unaondoka mapema? Akufungulie geti?" na oili bado inatiririka, nzuri, ya manjano, inanidondokea mpaka kwenye kiwiko, nami niko chali chini ya gari machozi yananiingia masikioni, na Danieli yuko pale barazani, hatua chache, naona kandambili zake, hazijongei, "Mkwe wangu, nimwambieje? Mwenzio anangoja, nimwambieje?"