Kiatu cha Kulia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, jua likikaribia kuzama. Asubuhi ya siku hiyo fundi viatu alikunywa chai iliyonunuliwa kwa mshahara wa mkewe, na bado akamnunia.

Mkewe alifua nguo za askari kambini. Kila raia aliyefanya kazi mle alipewa beji ya bati yenye picha na namba, aivae kifuani, kambini na barabarani, mpaka vita viishe. Mtaani beji ile ilikuwa balaa. Wenzake fundi pale kibarazani alikoshonea viatu hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Jamaa, mkeo kapandishwa cheo lini? Siku hizi unapiga saluti ndiyo ulale?"

Fundi alicheka nao, uso ukimwaka moto.

"Ivue kabla hujafika kona," alimwambia mkewe.

"Niiweke wapi, mume wangu? Ikipotea nafukuzwa."

Hilo fundi aliliweza. Alibandua ngozi ya ndani ya kiatu cha kulia cha mkewe, akashona kimfuko chembamba, beji ikatulia humo kama imezaliwa nacho. Mkewe akajaribu hatua mbili tatu, akacheka. "Sasa nakanyaga jeshi zima."

Jumanne hiyo doria ilimkuta penye kona, ameshaivua. Wakamwamuru aonyeshe beji. Mfuaji mwenzake, aliyekuwa nyuma yake, alisema baadaye kuwa mke wa fundi aliinama tu, mkono ukielekea kiatuni. Walidhani anatoa silaha.

Msibani fundi hakunyamaza. Kila aliyeingia kumpa pole aliambiwa yaleyale: wakubwa ndio waliomuua mke wake, wakubwa wanaokalia viti vya kuzunguka na kuwapa bunduki vijana wasiojua kuuliza mara mbili. Watu waliitikia. Yalikuwa kweli, na hiyo kweli ilimpa nguvu ya kuzidi kupaza sauti, maana akinyamaza tu, alisikia zile hatua mbili tatu.

Dada wa marehemu alikaa pembeni na kifurushi kilicholetwa kutoka kambini. Akatoa kiatu cha kulia, akaingiza vidole, akapapasa mshono. Ulikuwa mshono safi, uzi wake umepakwa nta, kazi ya mtu anayeijua kazi. Wanaume wa kibarazani wakainamisha macho sakafuni.

"Shemeji," alisema taratibu, "hiki kimfuko kakishona nani?"