Mlango wa Kwedi

Kabla hakujapambazuka mchi ulianza kugonga kinu, polepole, maana Kwedi hakutaka kumwamsha mumewe. Alikuwa akitwanga mahindi aliyoyalaza kwenye maji ya majivu. Tawodi aliamka hata hivyo, akajifanya amelala mpaka uji ulipoiva, na Kwedi akajifanya hajui. Waliishi hivyo vizuri tu.

Jua lilipotoka juu ya mto Coosawattee, gari la kukokotwa na ng'ombe lilisimama uani. Aliyeshuka aliitwa Hezekia Pruitt. Serikali ya jimbo ilikuwa imeikata nchi yetu sisi Wacherokee vipande vipande, ikaichezesha bahati nasibu, na Pruitt alikuwa ameshinda nyumba hii, shamba lake na miti yake ya mapichi.

"Nyumba hii ni yako?" alimuuliza Tawodi.

"Hapana, bwana. Mimi nimeolewa hapa."

Pruitt alicheka mpaka akashikilia gurudumu. Tawodi hakuona kichekesho. Kwetu nyumba na shamba ni vya mwanamke, naye amevipata kwa mama yake. Mwanamume huja na bunduki yake na tandiko la farasi. Akikorofisha, vitu hivyo huwekwa nje, na ndoa imekwisha.

"Mwenyewe yule pale, anakoroga uji," Tawodi alisema. "Ongea naye."

"Siongei mambo ya ardhi na wake za watu. Wewe weka alama hapa, kwamba umenipisha."

Tawodi aliweka alama. Mgeni alikuwa ametoka mbali, tena amechoka, na kumnyima kitu kidogo namna hiyo kungekuwa utovu wa adabu. Kwake ilikuwa kama kumruhusu mtu achukue mwezi.

Pruitt alikunja karatasi yake, akaenda kuingia ndani. Nyumba haikuwa na mlango tena. Pande zote ilikuwa magogo matupu, yamezibwa kwa udongo vizuri. Kwedi alitoka na bakuli, akamwaga maji, akaingia tena. Pruitt aliharakisha kupapasa pale pale alipopita, akaambulia gogo lenye fundo.

"Nyumba gani hii?" alisema.

"Labda umekosea upande," Tawodi alimwambia, akatangulia kumwonyesha njia. Alijigonga pua.

"Si umeweka alama kwamba ni yako?" Kwedi alisema kutoka ndani. "Ingia basi, mwenye nyumba."

Baadaye kidogo tandiko la Tawodi lilipita ukutani, likaanguka uani. Bunduki ilifuata, na mwisho shati lake la kuwindia, limekunjwa vizuri.

Ndani ya gari alikuwamo mke wa Pruitt, Dorcas, na mimba yake ilikuwa imeshuka, karibu kujifungua. Kwedi alipotoka kulisha kuku alimwona ameegemea magunia, uso umemvimba.

"Wewe mama, utazalia kwenye magunia? Nipe mkono."

Dorcas alimpa mkono, akapita ukutani bila kuinama. Alijifungua mtoto wa kike ndani ya nyumba ile, na Kwedi akamwosha mtoto huyo maji ya vuguvugu, akamfunga kwa blanketi ambalo yeye Kwedi alifumiwa na mama yake. Waume zao walilala chini ya gari.

"Vuta miguu, jirani," Tawodi alisema.

"Nani jirani yako? Unalala kwenye ardhi yangu."

"Sawa. Vuta miguu kwenye ardhi yako."

Pruitt alijijengea kibanda kando ya mapichi, akalima shamba, akazoea. Dorcas alikuwa akipita ukutani kuazima chumvi, na Kwedi akipita kumbeba mtoto. Mwaka askari walipokuja kutuondoa, kapteni wao alizunguka nyumba mara moja, akaelewa. Hakutafuta mlango. Alikaa kivulini akamsubiri Kwedi atoke kulisha kuku, na alipotoka, alivua kofia kwa heshima, akaamuru akamatwe. Tawodi alikuwa ameshajipanga mstarini, tandiko begani. Dorcas alimkimbilia Kwedi na shali yake mwenyewe, akamfunika mabega, na hakuna askari aliyemzuia.

Tulitembezwa kuelekea machweo, baridi ikatukuta njiani, na wengi wetu tuliwazika kandokando ya barabara. Usiku mmoja Kwedi alisogea kidogo kwenye moto, akapigapiga udongo kando yake kwa kiganja, ili Tawodi akae.

Huko magharibi Tawodi alimjengea nyumba nyingine. Siku aliyopachika mlango, Kwedi aliusukuma kuujaribu, akajikuta ndani ya nyumba ya mama yake, kando ya Coosawattee.

"Unafunguka vizuri?" Tawodi aliuliza nyuma yake.

"Unafunguka. Nakwenda mara moja."

"Basi urudishie. Unaingiza vumbi la kule."

Aliukuta mlango wa zamani mahali pake, akatoka uani. Dorcas alikuwa akipalilia kaburi la mama yake Kwedi. Lilikuwa safi, limezungushiwa mawe ya mtoni. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye aproni, wakakumbatiana. Mtoto aliyezaliwa mle ndani alikuwa sasa akikimbiza kuku.

Pruitt aliinua kichwa kule shambani. "Mwambie asinikanyagie mahindi," alisema, akaendelea na jembe.

Kwedi alizunguka kupitia ukingoni. Aligusa miti yake mmoja mmoja. Dorcas alimchumia mapichi, akachagua yaliyoiva sana, akamjazia shali. Walikaa kizingitini wakala mawili matatu, maji yake yakiwatiririka viwikoni, wakamsema Pruitt, wakacheka. Kisha sauti ya Tawodi ilisikika mbali ndani ya nyumba, ikiuliza chumvi imewekwa wapi, na Kwedi akainuka.

Dorcas alitaka kumwambia kitu cha kuagana. Alifungua mdomo, akasita, kwa kuwa mtu hakaribishwi nyumbani kwake. Alitafuta neno lingine la kusema, na katika maneno yote aliyokuwa nayo hakulipata.

"Karibu tena, Kwedi," alisema. "Karibu tena."