Wapagazi wa Paskazia

Paskazia alikuwa anapalilia mahindi yake kule Kwihara, chai inapoa kwenye kikombe cha bati, uyoga ulipotoka ardhini ukajipanga mstari. Kila mmoja na punje ya chumvi kichwani.

"Shikamooni," akasema, maana walionekana wazee.

"Marahaba," wakaitika, wakashika njia.

Shamba lilikuwa jeupe kwa chumvi toka enzi za misafara. Hapo ndipo wapagazi walipotua mizigo ya chumvi ya Uvinza, ikavuja vizazi na vizazi. Marehemu Emilian, mumewe, hakuligusa, alilima bondeni. Matanga yalipoanuliwa, Leodgar mdogo wake alichukua bonde, akamwachia mjane hilo jeupe.

"Ukivuna, kaa, shemeji. Usipovuna, kwenu Ipole si mbali. Baiskeli nitakuazima."

"Baiskeli yenyewe haina breki, kama mdomo wako."

Watu walicheka, ndio utani wa mashemeji. Lakini ukoo ulikuwa umeshakata shauri.

Kabla ya kupanda, Paskazia alisomba udongo wa porini, ule wenye nyuzi nyeupe za uyoga, akautia kwenye kila shimo la mbegu. Hesabu yake ilikuwa ya jikoni: uyoga na chumvi vinapatana chunguni, shambani vitagombania nini? Alitaka uyoga wa kuuza. Mahindi aliyapanda ili tu ukoo usiseme.

Nyuzi zikashikana na mizizi ya mahindi. Zikayafuatia maji kusikofika mzizi, na chumvi zikaizuia nje. Ukiinama, ulisikia wimbo wa safari chini ya udongo. Pelagia wa jirani, mwanakwaya, alilalamika tu kwamba besi wanachelewa.

"Mnaipeleka wapi?" Paskazia aliwauliza wale wapagazi wa uyoga siku moja.

"Tunairudisha Uvinza."

"Hamchoki?"

"Aliyetutuma alikufa kabla hajatuambia tupumzike."

Akawasogezea jani la mgomba wapate kivuli.

Mahindi yalipokomaa, ukoo ulikuja kukagua. Leodgar akala la kuchoma, akala na la pili.

"Haya, kaa, shemeji."

"Na bonde la Emilian?"

"Bonde ni la ukoo," alisema, akitafuna. "Lete chumvi kidogo."

"Imeshaondoka. Ukiwahi na baiskeli yako, utaikuta njiani."

Wakacheka wote, hata Leodgar, kisha akarudi bondeni kwake. Paskazia akachukua kapu kwenda porini kuongeza udongo. Njiani akakuta mstari unapita. Akasimama pembeni, akawapisha wenye mizigo.