Kuogopa Darajani

Hakuna aliyemtarajia mgeni pale kwao Tulia, Kawetele, asubuhi ya mvua kama ile. Akatokea hata hivyo, kavaa buti za kupandia milima ambazo hazijawahi kuonja tope, akamuulizia "yule binti aliyesomea mawe". Aliitwa Ezron, wa Dar es Salaam, mtengenezaji wa video za utalii, na alitafuta mtangazaji wa kumwajiri. Tulia, mwaka wa pili sasa nyumbani bila kazi, na shahada yake ya jiolojia, aliacha jembe palepale kwenye matuta ya viazi akaingia garini.

Hadi wanafika Daraja la Mungu alikwisha kumdharau. Bwana yule aliuita Mlima Rungwe kichuguu. Alipoliona daraja lenyewe, mwamba uliojipinda juu ya Mto Kiwira, alinuna kama aliyepunjwa sokoni.

"Ndilo hili? Kwenye picha lilikuwa kubwa."

Tulia akamweleza jinsi uji wa volkano ulivyoganda juu, maji yakaendelea kuchimba chini kwa chini mpaka likabaki tao. Alieleza kwa upendo, kama anayemtambulisha bibi yake. Ezron akapiga miayo. Sayansi haina watazamaji, alisema. Hakuna mzimu huku?

Wakati huo mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi alikuwa akivuka. Ghafla aliutua, akajitosa kwenye matete na kujifunika kitenge usoni. Mzee mmoja akapita na fimbo yake, bila kugeuza shingo. Ezron, kamera mkononi, alinasa yote. Akayauliza matete kulikoni.

"Naogopa," yakajibu.

Ezron nusura acheze. Mjinga hukosa hata anapojibiwa. Kinyakyusa kina neno moja, kutila, ambalo ni kuogopa, na ndilo hilohilo la mke kumpisha baba mkwe wake njiani asionane naye. Yule alikuwa Tulinagwe, jirani yao, na mzee Ambindwile ndiye aliyemzaa mumewe. Hapakuwa na mzimu. Palikuwa na adabu, kitu ambacho buti mpya hazimpi mtu.

Tulia alikwenda kumtwika mkungu. Tulinagwe aliinyoshea kamera kidole. Amkwepe mkwewe njiani, halafu wakae pamoja kwenye picha moja, katika simu za kijiji kizima?

"Hutaonekana, dada," Tulia akamwambia. "Nakuahidi."

Aliporudi, Ezron alimkabidhi kamera na karatasi, aitazame picha huku akisoma: hadi leo wanawake wa Rungwe huogopa mzimu wa daraja hili. Akisoma vizuri, Jumatatu aanze kazi. Tulia akamfafanulia habari ya mkwe, taratibu, mara mbili. Alikuwa bado anaamini kwamba mtu akielezwa ataelewa.

"Nani atatazama mkwe?" Ezron akacheka. "Sikia, msomi. Bila kipande hicho, sina kazi ya kukupa."

Akilini Tulia alimwona mama yake, ambaye asubuhi ile alimsindikiza hadi garini akiimba pambio. Aliona matuta ya viazi, mvua hii na ijayo. Kisha akabonyeza kufuta. Kamera ikamuuliza kama ana hakika.

Akabonyeza ndiyo, akamrudishia Ezron kamera yake kwa mikono miwili, heshima ambayo hakuistahili, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.