Oili au Mguu

Tangu mumewe aruhusiwe kutoka hospitali, mwalimu alikuwa amechoshwa na neno moja: asante. Asante ya chai, asante ya maji ya kuoga, asante ya kufungiwa kamba za viatu. Mtu aliyegombana naye miaka nenda miaka rudi kuhusu chumvi na dirisha la chumbani, leo anamshukuru kama mgeni aliyetandikiwa sebuleni. Kiharusi kilimwachia ulimi wake mzima, na mikono yake ya fundi saa isiyotetemeka. Mguu wa kushoto ndio uliorudi nusunusu, na pamoja nao ikaja adabu ambayo mkewe hakuwahi kuiomba.

"Si umshukuru Mungu kwamba anaongea," mama mkwe wake alimwambia jikoni.

"Namshukuru, mama, usiku na mchana. Ila ningependa aongee vibaya kidogo."

Bibi yule alimwangalia, akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kulikuwa na gari la spoti la kijani, la viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kushuka lazima ajipange. Mwalimu aliliita mke mwenza, na wala hakuwa anatania sana. Kupakwa nta lilipakwa kila Jumapili, wakati meza ya jikoni ilisubiri mguu wake mpya mwaka mzima. Hapo zamani, walipokuwa wachumba, fundi saa alijaribu kumfundisha kuliendesha. Alijifunza kuondoa gari na kubadili gia, mpaka siku gari lilipomzimikia katikati ya mzunguko wa barabara, na mchumba wake akamfokea mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kuvuka. Alishuka, akauacha mlango wazi, akarudi nyumbani kwa miguu huku viatu kavishika mkononi. Akaapa hatashika tena usukani ule. Mtu kama huyo ukimwoa, unamwoa na viapo vyake.

Majuzi mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema mgonjwa anaweza kujaribu gari kidogo, kwenye barabara ya nyuma isiyo na pilikapilika. Fundi saa alinyoa ndevu kwa ajili ya siku hiyo. Gia ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ikalia krrrr, kelele ya kukwaruza iliyomfanya mwalimu, aliyekaa pembeni, aume meno. Akajaribu tena. Krrrr. Alirudisha gari, akalifunika turubai mwenyewe kwa mkono mmoja, na hakula mchana ule.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Mguu ukichelewa, au usipofika chini kabisa, gia hulia. Na gia ya pili ndiyo ya haraka kuliko zote, mkono huwa umeshafika wakati mguu bado uko njiani. Lakini pia oili ya giaboksi ikizeeka, ikachoka, gia hulia vilevile. Kwa hiyo ilikuwa ama oili, ama mguu.

"Tubadilishe oili," fundi saa alisema wakiwa mezani. "Ikiendelea kulia, basi ni mguu. Mfamasia wa hapo jirani amekuwa akiliulizia gari. Nitampa alichukue."

Alisema kwa upole, kama anayeomba kikombe cha chai. Kila asubuhi mwalimu alikuwa akimsikia chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, anausukuma ukuta kwa unyayo wa kushoto huku akinong'ona: "Klachi. Achia. Klachi. Achia." Ukuta umefanya alama. Huyu mtu hakuwa anafanya mazoezi ili aende sokoni wala msalani. Alikuwa anakwenda kwenye ile pedali. Ikiondoka pedali, ukuta utapumzika, na mguu utabaki pale ulipo mpaka mwisho wa maisha yake.

"Kwa nini asijaribu mtu mwingine, tuone kama italia?" aliuliza.

"Nani? Wewe umeapa. Na mwingine simpi." Kisha akaongeza, "Asante lakini."

Mwalimu hakusukuma mambo. Alielewa kwamba mumewe bado alikuwa na oili ya kuitumainia.

Jumamosi asubuhi wakaanza. Fundi saa hakuwa mtu wa kupeleka vitu vyake kwa mafundi wengine, na chini ya gari hakuweza kuingia, hivyo aliyelala chali juu ya maboksi yaliyopasuliwa alikuwa mwalimu wa hesabu, kilemba kichwani, suruali ya zamani ya mumewe imefungwa kamba kiunoni. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi nne za chuma, na fundi saa alimfanya alitikise kwa nguvu zake zote kabla ya kumruhusu kuingia. Yeye alikaa kwenye kigoda, tochi yake ya kazini kwenye paji la uso, kioo kidogo cha mkono kikiwa sakafuni mbele yake ili aone kinachoendelea huko chini. Mama yake alileta kiti, akakaa mkao wa kutazama mpira.

"Nimefika kwa mke mwenza," mwalimu alisema kutoka chini. "Tumbo lake chafu."

"Kuna vizibo viwili," fundi saa alisema. "Cha chini cha kumwagia, cha juu ubavuni cha kujazia. Tafadhali anza na cha juu. Tukimwaga oili halafu cha kujazia kigome, gari litakuwa tupu na hatuwezi hata kulipeleka popote. Umenielewa? Asante."

Alielewa. Ila kuelewa ukiwa umesimama ni kitu kimoja, na kuelewa ukiwa umelala chali vumbi likikudondokea machoni ni kitu kingine. Kizibo cha chini kilikuwa hapo hapo puani, kinene, kinamkaribisha. Alikivisha spana, akashika pumzi, akaanza kuvuta.

"Mwalimu! Cha JUU! Nimesema cha juu! Masikio umeyaacha shuleni?"

Sauti iligonga ukuta ikarudi. Jirani mmoja alifungua dirisha. Mama mkwe alishika kifua. Chini ya gari, mwalimu alikuwa ameachia spana na kujifunika uso kwa mikono yenye grisi, anacheka, na machozi yanamtiririkia masikioni. Ilikuwa ile ile, sauti ya mzunguko wa barabara, na miaka yote hiyo aliichukia. Sasa alitamani airudie.

"Samahani," fundi saa alianza, sauti imeshuka. "Samahani sana, sikukusudia..."

"Usithubutu kuniomba samahani!" alijibu. "Nifokee tena. Cha juu kiko wapi?"

Kisha, kwa tahadhari, kama mtu anayepima maji kwa kidole: "Kiko mkono wako wa kulia, kipofu wewe."

"Asante!" akasema mwalimu, na safari hii neno lilikuwa na utamu wake.

Cha juu kiligoma. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaegemeza goti, akatukana kwa lugha ambayo wanafunzi wake wasingeiamini. Kipini cha spana kilikuwa kifupi. Kilihitajika kipande cha bomba cha kukirefusha, na nyumbani hapakuwa na bomba ila moja. Fundi saa aliutazama mkongojo wake wa alumini uliolazwa pembeni. Hakuwahi kuupenda. Aliuchomoa mpira wa chini, akachungulia ndani, akausukuma mkongojo chini ya gari.

"Huo ni wa hospitali!" mama yake alisema.

"Mama, uache ufanye kazi."

Kipini kikaingia ndani ya mkongojo kana kwamba vilitengenezwa pamoja. Mwalimu akavuta. Mkongojo ukaanza kupinda taratibu, akasema Mungu wangu, akavuta tena, na kizibo kikatoa mlio mkali na kulegea. Watatu wote walishangilia. Mkongojo ulitoka ukiwa umepinda shingo, haufai tena kumshikilia hata kuku.

Baada ya hapo kazi ililainika. Alifungua cha chini, oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi, nzito, yenye harufu kali. Mwalimu alichovya kidole ili amwonyeshe mumewe jinsi ilivyozeeka, akaona kwenye mwanga kwamba ndani yake mnameremeta vichembe vya rangi ya dhahabu. Akaona ni vizuri, hakuwaza zaidi, akajifuta kwenye suruali. Alirudisha kizibo cha chini, akakikaza. Oili mpya iliingizwa kwa mpira mrefu uliopitishwa kando ya injini mpaka kwenye tundu la kujazia, na aliyeshika faneli juu alikuwa mama mkwe, maana mikono yake haikuwa na haraka. Alimimina kama anayempa mtoto mchanga dawa. Oili ilipoanza kuchuruzika kutoka kwenye tundu, fundi saa akasema inatosha, wakafunga, wakashusha gari. Beseni wakaliacha pale kivulini.

Hapo ndipo utani ulipoisha. Fundi saa alitazama mlango wa gari kutoka kwenye kigoda chake. Mkongojo haukuwepo. Aliweka mkono kwenye bega la mkewe, mwingine juu ya paa la gari, akaenda hatua kwa hatua, akaketi kwenye usukani. Mwalimu alikaa pembeni. Aligundua kwamba ameukunja mguu wake mwenyewe wa kushoto kwa nguvu, utadhani ungesaidia.

Barabara ya nyuma ilikuwa tupu. Gia ya kwanza. Gari likaenda. Mwalimu aliuona mguu wa mumewe ukishuka kwenye klachi, uso wake umekaza, jasho jembamba juu ya mdomo. Mkono ukavuta.

Krrrr.

Alirudia, polepole zaidi. Krrrr. Alisogeza gari pembeni akalizima. Alikaa akitazama mbele, mikono yote miwili bado kwenye usukani.

"Haya," alisema. "Ni mguu." Na kisha akasema kitu ambacho mwalimu alikuwa akikiogopa kuliko kelele za gia zote duniani: "Asante kwa kunisaidia."

Mwalimu alifungua mlango, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

"Umeapa."

"Nimeapua. Sogea, bwana!"

Kusogea ndani ya gari lile si jambo la dakika moja, na kulikuwa na magoti, viwiko na kipini cha gia mahali pasipofaa, lakini hatimaye mwalimu wa hesabu alikuwa nyuma ya usukani aliouapia. Akawasha. Akaondoka kwa kurukaruka, mumewe akashika dashibodi.

"Klachi taratibu!"

"Najua!"

"Hujui! Haya, ya pili. Kanyaga klachi. Kanyaga mpaka chini, mwanamke!"

Alikanyaga kwa mguu wake mzima, mguu uliosimama darasani kutwa tangu ujana, akavuta gia.

Krrrr.

"Hujakanyaga mpaka chini!"

"Nimekanyaga!"

"Ungekanyaga isingelia!"

"Haya, angalia mwenyewe!"

Akakanyaga tena na kukaza mguu hapo hapo. Gari likawa linateleza lenyewe taratibu. Fundi saa aliinama, akapenyeza mkono wake chini ya usukani, akagusa kiatu cha mkewe, akagusa pedali, akapapasa kuona kama kuna nafasi iliyobaki. Haikuwepo hata ya kupitisha kadi. Mkono wake ukiwa bado pale, alisema kwa sauti ndogo, "Weka ya pili."

Krrrr.

Hakuinuka mara moja. Mwalimu alidhani anaumwa, akasimamisha gari, akamshika mgongo, ukawa unatikisika. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Giaboksi imekufa," alisema. "Ringi za kuilainisha gia ya pili zimekwisha. Giaboksi imekufa, mke wangu!"

"Ile oili ilikuwa na vumbi la dhahabu."

"Vumbi la dhahabu? Na hukusema?"

"Nilidhani ni urembo!"

"Ni shaba! Ni ringi zenyewe zimesagika! Mwalimu gani wewe?" Alikuwa anapiga kelele sasa, anajipiga paja la kushoto kwa furaha. "Si mguu! Hata wewe inakulilia! Si mguu!"

Mwalimu alimshukuru Mungu kwa sauti, hapo hapo barabarani, kwa giaboksi iliyokufa, kwa shaba iliyosagika, na kwa mume anayemwita mwanamke kwa kumfokea. Kisha akaendesha kurudi nyumbani kwa gia ya kwanza, mwendo wa kobe, injini ikilalamika njia nzima.

Mama mkwe aliwapokea getini. Alimwona mkwewe kwenye usukani, akamwona mwanawe amelowa machozi, akashindwa aanze na lipi.

"Limepona?"

"Limekufa, mama!" fundi saa alisema, akajishika mlango, akasimama. "Giaboksi yote chini. Itabidi tuifungue."

"Sasa hicho ndicho cha kuchekea?"

"Ile kelele, mama. Ile krrrr. Kumbe si mguu wangu."

Bibi alimshangaa. "Mguu wako unahusikaje? Kelele hiyo si ya siku zote? Tangu hujaugua nilikuwa naisikia kila asubuhi ukitoka, na hayo maredio yako umefungulia."

Walimtazama wote wawili.

"Na hukusema, mama?"

"Ningejuaje? Nilidhani ndivyo magari ya spoti yanavyolia."

Fundi saa aliachia mlango ili ajifute macho. Akapiga hatua kuelekea kwenye beseni la oili akaione hiyo dhahabu, halafu nyingine, mguu wa kushoto ukivuta kidogo lakini ukienda, na alikuwa ameshafika katikati ya uwanja akimfokea mkewe alete tochi kabla yeyote kati yao hajakumbuka kwamba hakuwa ameshika kitu.